Damu Kabla ya Kidonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimevaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, na diploma yangu ya ufamasia nimeitia kwenye bahasha, kana kwamba mlinzi wa lango angeomba kuisoma. Hakuomba. Aliniuliza kama nimeleta chakula cha mgonjwa.

Duka la dawa la hospitali ile ya Lubumbashi lilikuwa nyuma kabisa, likipakana na chumba cha kufulia mashuka. Mkuu wa duka, mtu mnene mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi, hakuitazama bahasha. Alinionyesha maboksi ya maji ya mishipa, yamepangwa mpaka darini.

“Mademoiselle, université ilikufundisha dawa inaitwa namna gani. Hapa utajifunza inalala fasi gani. Anza kubeba.”

Nikabeba mpaka saa sita. Mchana koti langu lilikuwa na rangi ya sakafu.

Vijana wanaosomea ufamasia hunialika siku hizi niwasimulie kazi yangu, nami huwasimulia kisa hicho cha maboksi, wanacheka, tunapiga picha, narudi nyumbani. Nimeandika pia makala kadhaa kuhusu dawa, ambazo zimesomwa na mhariri na mume wangu, na kuhusu mume wangu sina hakika. Lakini kuna jambo moja ambalo sijalisema mbele ya wanafunzi wala kuliandika popote. Linamhusu mwanamke mmoja fundi cherehani na figo alilopewa na ndugu yake. Nitalifikia kwa kufuata njia niliyopita, kwa sababu nisipowaonyesha njia mtadhani nilianguka tu kutoka mbinguni.

Enzi zile mfamasia wa hospitali alikuwa mtunza stoo mwenye Kifaransa kizuri. Tulichanganya marhamu wenyewe kwenye kinu cha kaure, tulipima unga kwa mizani ya shaba, tulipanga dawa rafuni kwa tarehe ya kuharibika, ile inayokaribia kufa ikae mbele. Mgonjwa hatukumwona. Tuliona karatasi yake ikipita dirishani, imeshikwa na mkono wa mtu. Mama yangu aliwaambia majirani, “Mutoto wangu anauzishaka dawa ku hôpital,” na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Baada ya miaka minne nilipelekwa Mitwaba, eneo alikozaliwa babu yangu kabla hajateremka kutafuta kazi ya reli. Daktari mkurugenzi wa hospitali ya kule alikuwa mwanamume mfupi, mwepesi wa hasira, ambaye wagonjwa walimpenda bila sababu niliyoweza kuiona. Alinipokea kwa onyo.

“Madame, hapa mugonjwa anakunywa dawa siku mbili. Akisikia muzuri, anawekea mukwe yake yenye kubakia. Kama haumugombeze, hatapona.”

Nikajifunza kugombeza. Nilikuwa na kipaji ambacho chuo kikuu hakikukigundua. Niliwagombeza akina mama waliogawa kwinini kwa watoto wote wa nyumba, niliwagombeza wazee waliotema vidonge vya kifua kikuu nyuma ya ukuta. Nao wakanywa, wakapona, wakaniletea unga wa mihogo na kuku kwa shukrani. Ukigombeza mtu akapona, halafu akakuletea kuku, unaanza kuamini kwamba ugombezi wenyewe ni dawa. Nilirudi Lubumbashi baada ya miaka mitano nikiwa na imani hiyo.

Niliwekwa kwenye kitengo cha figo. Mkuu wake alikuwa Profesa, mtu mwembamba aliyesema polepole hata panapowaka moto. Kitengo kilikuwa na mashine za kusafisha damu, zile zinazofanya kwa saa nne kazi ambayo figo zima hufanya usiku na mchana bila kuombwa. Hatukuwa tukipandikiza figo sisi. Waliobahatika walikwenda ng'ambo, wengi India, pamoja na ndugu aliyekubali kutoa figo lake moja. Walirudi na kovu, bahasha ya karatasi na mfuko wa vidonge. Tuliwaita bagreffés, waliopandikizwa.

“Madame,” Profesa aliniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu, “mpasuaji wa kule amefanya kazi ya nusu siku. Wewe utaifanya miaka ishirini.”

Alinituma ng'ambo miezi sita nikajifunze. Nilijifunza kwamba mwili haujui shukrani. Ukipewa figo la mtu mwingine, hata la ndugu wa tumbo moja, kinga ya mwili huliona mgeni na kulishambulia. Ndiyo maana mgonjwa hunywa dawa za kuituliza kinga hiyo maisha yake yote. Kubwa yao inaitwa takrolimasi. Ni dawa ya njia nyembamba: ikipungua, mwili unalikataa figo, ikizidi, dawa yenyewe inaliumiza figo. Kwa hiyo hupimwa katika damu. Na damu hiyo lazima itolewe asubuhi kabla ya kunywa kidonge, saa kumi na mbili baada ya kile cha jioni, ili tuone dawa imeshuka mpaka wapi. Ukinywa kwanza ndipo utoe damu, utapata namba kubwa isiyo na maana yoyote. Damu kabla ya kidonge: nililisema hilo mara nyingi mpaka wagonjwa wakawa wananisalimia kwalo.

Nilijifunza jambo jingine kule, nikaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Watu wengi wenye asili ya Afrika huivunja takrolimasi haraka kuliko wengine, na kiasi kinachotosha kwa Mhindi huenda kisitoshe kwa Mluba. Likumbukeni hilo. Mimi niliyelipigia mstari sikulikumbuka siku nilipolihitaji.

Siku ya bagreffés ilikuwa Jumanne. Walitoa damu saa moja asubuhi, tukaituma kwa ndege kwenye maabara ya nchi jirani, majibu yakarudi baada ya wiki. Hapo ndipo nilipobuni utaratibu wangu, niliouonea fahari kubwa. Jumanne iliyofuata, wagonjwa wote wakiwa wameketi kwenye mabenchi pamoja na ndugu zao, nilisimama katikati na kusoma namba ya kila mmoja kwa sauti. Tulitaka iwe baina ya nane na kumi. Aliyepata nzuri alipigiwa makofi. Aliyepata mbaya aligombezwa. Walikuwa wakicheka na kutaniana, wengine walikuja wamevaa vizuri kama wanakwenda kwenye kugawa bulletins, zile ripoti za shule. Nilimwambia Profesa kwamba nimevumbua njia ya kufundisha. Alisema, “Labda,” neno ambalo kwake lilikuwa na uzito, ila mimi nililisikia kama sifa.

Zaina alikuwa wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani, wafanyabiashara na mafundi. Alishona nguo za wanawake nyumbani kwao. Figo alipewa na mdogo wake Ramazani, seremala wa mtaa wa Annexe, ambaye hakuwahi kupanda ndege kabla ya siku aliyokwenda kupasuliwa. Mama yao aliwapa baraka wote wawili kwa pamoja, kila mmoja chini ya mkono mmoja, kwa sababu alijua anaweza kuwapoteza wote wawili kwa pamoja. Waliporudi, Ramazani alimleta dada yake kila Jumanne kwa pikipiki, akikwepa mashimo kama aliyebeba mayai.

Mwezi wa tatu karatasi ya Zaina ilileta nne.

“Zaina, ine!” nikasema mbele ya watu wote. “Mudogo yako alipasuliwa tumbo juu ya nini? Juu weye usahabu dawa ku mashine ya kushona?”

“Maman, nilikunywa.”

“Damu haisemaka uongo.”

“Maman Pharmacien, umusamehe,” akadakia mzee mmoja wa benchi la nyuma. “Uyu anasahabu ata robe ya bibi yangu, miezi mbili sasa!”

Watu wakacheka. Zaina naye akacheka, kwa mdomo. Ramazani aliyekaa kando yake hakucheka. Alimgeukia dada yake, akamtazama muda mrefu, kisha akatazama chini.

Sikumwuliza swali hata moja. Sikumwuliza anakunywa saa ngapi, wala anakunywa vingapi. Sikufungua daftari langu. Mwanamke yule alikuwa akinywa kila kidonge kama alivyoandikiwa kule, na kiasi kile kilikuwa kidogo kwake. Alihitaji kuongezewa. Mimi nikampa aibu.

Mwezi uliofuata alipata tisa. Makofi. Alisimama akapiga goti kidogo kama msichana wa shule, na Ramazani akatabasamu. Mwezi uliofuata tena, kumi na sita. Kumi na sita ni nyingi mno. Na safari hiyo kreatinini yake ilikuwa imepanda. Kreatinini ni uchafu wa damu ambao figo zima huutoa. Ikipanda, figo linalalamika. Nikaunganisha mambo mawili kwa akili yangu yote ya chuo kikuu: dawa imezidi, inaliumiza figo. Nikapendekeza kupunguza. Profesa akatia sahihi, kwa sababu alizoea kuniamini. Kreatinini ikapanda tena, namba ya dawa ikabaki juu, nikapunguza tena.

Wiki tatu baadaye Zaina aliletwa miguu imevimba, mkojo umepungua. Profesa alivuta kiti akakaa karibu na kitanda chake.

“Maman Zaina, siku ya kutoa damu, unakunywaka dawa saa ngapi?”

Zaina hakumjibu yeye. Alinitazama mimi.

“Kisha kusali alfajiri. Mbele ya kuya hapa. Ile ya kwanza nilikunywa mu njia, juu ya pikipiki. Niliona namba inakuwa muzuri, Maman anafurahi, na Rama anafurahi. Basi nikawa nafanya vile.”

Profesa hakunigeukia. Huo ulikuwa upole wake, na ulinichoma kuliko kofi. Zile namba kubwa zilikuwa za vidonge alivyotoka kumeza. Chini ya namba hizo dawa ilikuwa haba tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeipunguza mara mbili, wakati mwili wake ukiendelea kulikataa figo la ndugu yake. Tulimpa steroidi nyingi kwa mshipa siku tatu mfululizo, kuizima kinga. Tulichelewa. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amerudi kwenye mashine.

Ripoti niliiandika mimi. Sababu ya kupotea kwa figo niliieleza kwa neno moja la Kifaransa, inobservance, maana yake mgonjwa hakufuata maagizo. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba ni uongo. Niliandika neno lile nikijua kwamba hakuna anayeweza kuniambia ni uongo, na hiyo ndiyo aibu yake.

Familia ilipewa nakala, kwa kuwa walitaka kuuliza kama anaweza kupandikizwa tena. Ramazani aliisoma. Tangu siku hiyo Zaina alikuja peke yake, kwa basi, mara mbili kwa wiki, na kurudi kwa basi akiwa hana nguvu ya kushika chuma. Ramazani aliacha kusema naye. Katika nyumba ile ikajulikana kwamba mdogo alitoa kiungo cha mwili wake, na mkubwa akakitupa kwa uzembe.

Nilikuwa nikipita kwenye mashine yake. Ninasema nilipita, ingawa kazi yangu haikunipeleka upande ule.

“Zaina, nitamuambia Ramazani.”

“Umuambie nini, Maman?”

“Ya kama haikukuwa kosa yako.”

“Si nilikudanganya? Iko kosa yangu pia. Acha, Maman. Rama ninamujua. Iko sawa na ubao mubichi, unajikunja, kisha unanyooka.”

Nimewauliza maseremala tangu siku ile. Ubao mbichi ukishajikunja, haunyooki. Lakini niliposikia lile “acha”, nilivuta pumzi kama mtu aliyesamehewa, nikaenda kunywa chai. Miezi kumi na minne nilikuwa na nafasi ya kutumia saa moja kumwondolea mtu mzigo usio wake, na kila wiki nilipata sababu: Profesa yuko safarini, ukaguzi unakuja, mvua inanyesha.

Zaina alikufa katika mvua hizo, kwa maambukizi yaliyoingia kupitia mrija wa mashine. Nilikwenda kilioni. Nilikaa mkekani na wanawake, nikapewa wali, nikala. Mama yake alikuwa akipokea pole za watu, na kwa kila mmoja alirudia maneno yale yale: “Mutoto wangu alikuwa na roho muzuri, ila muzembe. Alipewa maisha, akaisahabu. Mungu amurehemu.” Nilikuwa nimekaa mbele yake, umbali wa mkono. Nikamwambia pole, mama.

Nilifanya kazi miaka sita zaidi. Niliacha kusoma namba mbele za watu siku ile ile aliyotujibu Zaina kitandani. Nilianza kumwita kila mgonjwa peke yake, kumwuliza kabla ya sindano amekunywa nini na saa ngapi, na kumwambia kwamba akinidanganya sitakasirika, jambo ambalo ilinibidi nilifanyie mazoezi nyumbani mbele ya kioo. Nililifungua daftari langu. Namba zilipokuwa ndogo, na mgonjwa ameniambia anakunywa, niliongeza dawa badala ya kugombeza. Wapo wanaoishi na mafigo yao leo kwa sababu hiyo. Kwenye sherehe ya kuniaga, Profesa mpya, kijana aliyekuja baada ya yule wa kwanza kustaafu, alisema mimi nilikuwa mama wa bagreffés. Nikala keki.

Vijana wangu, mtafundishwa kwamba kazi yetu ni kuijua dawa. Ni kweli, na muijue vizuri kuliko mimi. Lakini namba inayorudi kutoka maabara imepita kwanza kwenye nyumba ya mtu, kwenye hofu yake na hamu yake ya kukupendeza. Mgonjwa anayekuogopa atakuletea namba unayoitaka. Na mkikosea, kwa maana mtakosea, msitafute neno ambalo hakuna anayeweza kuwaambia ni uongo. Kustaafu kuna saa nyingi asubuhi, na hakuna ukaguzi wala safari ya Profesa ya kujificha nyuma yake.

Mwezi wa pili wa kustaafu kwangu nilikwenda Annexe. Karakana ya Ramazani iko mbele ya nyumba, chini ya mabati. Alikuwa akipiga randa mlango. Alinitambua, akanipa kiti, akaendelea kusimama. Nilimweleza yote, tangu ile nne: kwamba kiasi kilikuwa kidogo, kwamba dada yake alikuwa akinywa, kwamba alianza kumeza kabla ya damu kwa sababu nilimwaibisha mbele ya ndugu yake, kwamba nilipunguza dawa mara mbili, kwamba neno lile kwenye ripoti nililiandika mimi.

Alipiga randa mara mbili pahali palipokwisha kulainika.

“Maman, miaka yote iyo, juu ya nini ukuye leo?”

“Niliogopa kazi yangu, Ramazani.”

“Na sasa kazi iko ilikwisha.”

“Ndiyo.”

“Basi ulingojea mupaka upate pension.”

 Aliegemeza randa kwenye ubao, akapangusa mikono yake kwenye suruali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

“Nilimunyima sauti yangu mupaka alikufa,” alisema. “Yaya yangu, dada yangu mukubwa. Alikuwa ananipikia, anaweka chakula apa ku mulango, anaenda. Akuniambia kitu.” Kisha akanyoosha kidole kuelekea nyumbani. “Mama iko mule. Ingia, umuambie weye mwenyewe. Mi nikimuambia, atazania ninataka tu kumufunika yaya.”

Mama yao alikuwa ameketi kitandani, macho yake yamefifia. Aliuliza ni nani. Nikamwambia ni mimi, yule wa dawa za Zaina. Akapapasa godoro kando yake ili nikae. Nikamwambia kila kitu kwa maneno mepesi kuliko niliyomwambia mwanawe, na kila neno jepesi lilikuwa zito kulitoa. Nilipomaliza, alielekeza sikio lake kwangu.

“Basi alikuwa anakunywa?”

“Alikuwa anakunywa, mama. Kila asubuhi na kila magaribi. Ni dawa njo ilikuwa kidogo, na ni mi njo niliipunguza.”

“Rudilia.”

Nikarudia. Alinishika kifundo cha mkono, akainua uso kuelekea mlangoni.

“Ramazani! Kuya usikie.”

“Nilisha sikia, mama,” akajibu kutoka nje.

“Kuya usikie tena.”

Akaja, akasimama mlangoni na vumbi la mbao mikononi. Mama hakuniachia mkono. Nikaanza upya.